Ukurasa unapokwama katikati: Huenda kasoro ni ukubwa wa pakiti, si kasi ya intaneti

MWENYE saiba hukutana na hali hii mara kwa mara, na mara kwa mara huipa jina lisilo lake. Mteja anafungua ukurasa wa benki. Anwani ya tovuti imeandikwa sawasawa, alama ya kusubiri inazunguka, kisha kila kitu kinasimama. Ukurasa unabaki mweupe, au kichwa chake kinajitokeza huku picha na fomu zikikosa kufuata. Hakuna onyo la hitilafu. Kwenye tarakilishi ya pili, mteja mwingine anasoma matokeo ya kandanda pasipo shida, na barua pepe fupi zinatoka na kufika. Ile yenye kiambatisho ndiyo haiondoki.

Hukumu hutolewa upesi: mtandao uko chini, au tovuti imelemewa na watu. Kampuni inayouza huduma ya intaneti ikipigiwa simu hujibu kwamba laini ni nzima, na kwa kiasi fulani husema kweli. Mwishowe mwenye saiba hununua kasi kubwa zaidi. Bili inapanda, kasi inapanda, na ukurasa wa benki unaendelea kukwama palepale. Inapokaribia Juni 30, siku ya mwisho kwa Wakenya kuwasilisha ripoti za kodi ya mapato ya mwaka uliotangulia, utambuzi huo mbaya waweza kuwa faini kwa mtu ambaye faili yake haikuondoka kwenye tarakilishi.

Tangu nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mnamo 2009 na kupunguza utegemezi wa setilaiti, Wakenya wengi wamezoea kuifasiri kila kero ya mtandao kuwa upungufu wa kasi. Kasi ina lawama zake. Lakini tovuti inayofunguka nusu, tena ileile kila siku, ilhali nyingine zinafunguka mara moja, inaashiria jambo jingine. Mojawapo ya vyanzo vyake, na ambacho husahaulika kuliko vingine, ni pakiti kubwa kuliko njia inayopitia.

Kipimo kilichozaliwa 1980

Data haisafiri kwenye intaneti ikiwa nzima. Hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti hutanguliwa na kijajuu, yaani sehemu ya mwanzo inayobeba anwani ya mtumaji na ya mpokeaji. Kila kiungo cha safari, kiwe waya wa ofisini, faiba au laini ya simu, kina ukubwa wa juu wa pakiti ambao kinaweza kubeba kwa mkupuo mmoja. Kikomo hicho hujulikana kwa herufi MTU, ambazo msomaji wa Kiswahili hana budi kuzitenganisha na mtu mwenye mikono na miguu.

Kwenye mitandao mingi kikomo hicho ni baiti 1500. Asili yake ni mfumo wa Ethernet, ambao Robert Metcalfe na David Boggs walianza kuuunda katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, mnamo 1973. Mwaka wa 1980, kampuni za Digital, Intel na Xerox zilichapisha kanuni za pamoja za mfumo huo kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, na humo kiwango cha juu cha data kikawekwa kuwa baiti 1500. Siku hizo hifadhi ya kumbukumbu ilikuwa ghali. Aidha, tarakilishi zote zilitumia waya mmoja, hivyo iliyotuma pakiti ndefu mno iliwasubirisha wenzake. Pakiti kamili ilishika waya kwa takriban milisekunde 1.2, muda uliovumilika.

Kasi ya nyaya imeongezeka mara mia, mara elfu na zaidi tangu wakati huo. Kipimo cha 1500 hakikubadilika, kwa sababu kila kifaa kilichotengenezwa baadaye kilijengwa kwa kukitarajia.

Kati ya baiti hizo, 20 huchukuliwa na kijajuu cha itifaki ya IP inayoelekeza pakiti, na 20 nyingine na kijajuu cha TCP inayohakikisha kwamba vipande vinafika vyote na kwa mpangilio. Zinazobaki kwa data yenyewe ni 1460.

Taabu huanza pale kiungo fulani njiani kinapokuwa chembamba zaidi. Mfano unaofahamika sana ni PPPoE, utaratibu uliochapishwa mnamo 1999 katika waraka wa RFC 2516. Ndio unaoziwezesha kampuni za intaneti kumdai mteja jina na nywila kabla ya kumfungulia laini, na ungali unatumika kwenye laini nyingi za nyumbani duniani. Utaratibu huo huongeza baiti nane juu ya kila pakiti. Kwa kuwa waya ulio chini yake haubebi zaidi ya 1500, nafasi iliyosalia ni 1492.

Mitandao ya faragha, VPN, hupunguza nafasi hata zaidi. Kampuni inapounganisha ofisi yake ya Nairobi na matawi ya Kisumu na Eldoret kupitia VPN, kila pakiti hutiwa ndani ya pakiti nyingine, mithili ya bahasha ndani ya bahasha, na ile ya nje ndiyo inayopaswa kuingia katika tundu la sanduku la posta. Handaki la aina ya GRE hula baiti 24 na kuacha 1476. WireGuard, programu ya VPN inayotumika sana siku hizi, kwa kawaida huweka kikomo cha 1420.

Baiti nane ni kitu kidogo mno. Hata hivyo, pakiti iliyozidi kwa baiti moja ni sawa na iliyozidi kwa elfu: haipiti.

Arifa iliyonyamazishwa

Waasisi wa intaneti walilitazamia tatizo hili. Waraka wa RFC 791 wa 1981, unaoeleza itifaki ya IP ya toleo la nne, uliruhusu ruta iliyo njiani kuikata pakiti kubwa vipande, mpokeaji aviunganishe. Dawa hiyo ilikuwa na madhara. Kipande kimoja kikipotea, pakiti nzima imepotea, na ruta zinachoshwa na kazi ya kukata. Mnamo 1987 Christopher Kent na Jeffrey Mogul waliandika makala wakionya kwamba ukataji huo unadhuru kuliko unavyofaa.

Suluhisho lilichapishwa Novemba 1990 na Mogul akishirikiana na Stephen Deering, katika waraka wa RFC 1191. Mtumaji huitia kila pakiti alama inayokataza isikatwe. Ruta inayopokea pakiti isiyoweza kupita huitupa, kisha humrudishia mtumaji arifa: pakiti yako ni kubwa, hapa hupita baiti kadha. Mtumaji hupunguza kipimo na kutuma upya. Kazi yote huchukua chini ya sekunde moja, na anayesoma tovuti hang'amui lolote. Arifa hiyo husafirishwa na itifaki iitwayo ICMP, ikiwa ya aina ya 3, msimbo wa 4.

Utaratibu huu ni mzuri mradi arifa ifike. Ndipo palipo na ila.

Itifaki ya ICMP ndiyo pia inayobeba ping, lile jaribio la kuuliza iwapo tarakilishi fulani iko hewani. Kati ya 1996 na 1997 wahalifu waligundua kwamba ping yenye ukubwa uliopita kiasi ingeweza kuziangusha tarakilishi nyingi za wakati huo. Mnamo 1998 likatolewa onyo kuhusu shambulio la Smurf, lililotumia itifaki hiyohiyo kumgharikisha mlengwa kwa majibu asiyoyaomba. Wasimamizi wengi wa mitandao waliitikia kwa kupiga marufuku ICMP nzima kwenye kuta za ulinzi, yaani mitambo na programu zinazochuja kinachoingia na kutoka. Walimzuia mwizi, na pamoja naye wakamzuia tarishi. Mashambulizi yale yalitibiwa zamani kwa kurekebisha programu; marufuku yamebaki, yakinakiliwa kutoka mtambo hadi mtambo na watu ambao huenda hawajui yalianzia wapi.

Matokeo yake yalielezwa kinaganaga na Kevin Lahey katika waraka wa RFC 2923 wa Septemba 2000. Wataalamu huyaita shimo jeusi: pakiti inaingia, haitoki, wala hapana anayeambiwa.

Ni kwa nini basi ukurasa ukwame nusu, badala ya kukataa kabisa? Mawasiliano ya kivinjari na seva huanza kwa hodi na karibu, pakiti tatu zenye baiti chache tu. Hizo hupita. Ombi la ukurasa nalo kwa kawaida ni dogo, hivyo hupita pia. Seva hujibu kwa pakiti zilizojaa hadi 1500, kwa kuwa hapo ilipo haioni sababu ya kujinyima. Pakiti hizo zinafika kwenye kiungo cha 1492 karibu na mteja na kutupwa. Arifa inarudi hadi kwenye ukuta wa ulinzi wa seva na kufia hapo. Seva, isiyojua kitu, inatuma pakiti ileile kwa ukubwa uleule, ikiongeza maradufu muda wa kusubiri kila inapokosa jibu. Mteja anaona alama inayozunguka.

Tovuti za usalama, ambazo leo ndizo nyingi, huathirika mapema zaidi. Kabla ya herufi moja ya ukurasa kuonekana, seva hutuma cheti cha kujitambulisha, ambacho pamoja na viambatanisho vyake aghalabu hufikia baiti elfu kadhaa. Kikikwama cheti, hakuna kinachofuata. Tovuti ya kandanda iliyofunguka kwenye tarakilishi ya jirani haina muujiza wowote: seva yake inapokea arifa na kuzitii, au msimamizi wake alipunguza kipimo tangu mwanzo.

Kupima njia

Kabla ya kupima, yafaa kuondoa washukiwa wengine. Tovuti zote zikiwa nzito kwa kiwango kimoja, tatizo ni kasi au msongamano. Kivinjari kikisema hakiipati anwani, tatizo ni la majina ya tovuti. Lakini iwapo tovuti moja inakwama kwenye laini ya ofisi na inafunguka kwenye simu inayotumia data ya rununu, au inafunguka mara tu VPN inapozimwa, ushahidi dhidi ya ukubwa wa pakiti ni mzito.

Jaribio lenyewe halihitaji kifaa wala programu ya kununua. Kwenye Windows, hufunguliwa dirisha la amri na kuandikwa ping -f -l 1472, kisha jina la tovuti inayokwama. Alama ya -f inakataza pakiti isikatwe, na -l, ambayo ni herufi wala si tarakimu moja, inataja ukubwa wa data. Kwenye Linux amri ni ping -M do -s 1472, na kwenye tarakilishi za Apple ni ping -D -s 1472. Namba 1472 haikuokotwa: ukiongeza baiti 8 za kijajuu cha ICMP na 20 za IP, jumla ni 1500.

Jibu likirudi, njia inabeba pakiti kamili na mshukiwa atafutwe kwingine. Ukija ujumbe kwamba pakiti inahitaji kukatwa, hiyo ni habari njema kuliko inavyosikika, kwani ipo ruta njiani ambayo bado inasema. La kutia wasiwasi ni ukimya. Pakiti ya 1200 ikijibiwa, na ya 1472 ikipotea bila neno, kuna shimo jeusi. Hapo namba hupunguzwa na kupandishwa, 1464, 1400, 1430, hadi ipatikane kubwa kabisa inayopita. Ikiongezwa 28, ndicho kipimo cha njia. Anayepata 1464 ana njia ya 1492, na karibu bila shaka yuko nyuma ya PPPoE.

Jaribio hili lina mitego miwili. Seva nyingi hazijibu ping ya ukubwa wowote, na nyingine hujibu ndogo tu kwa hiari yake. Ndiyo maana lazima kuanza na ndogo, na kujaribu anwani zaidi ya moja kabla ya kutoa hukumu. Pili, njia ya kuelekea tovuti moja si njia ya kuelekea nyingine, na ping inayokwenda vizuri hadi tovuti nyepesi haithibitishi lolote kuhusu ile ya benki. Watumiaji wa Linux wana amri ya tracepath, inayoonyesha hatua kwa hatua pale kipimo kinapopungua.

Wanaosimamia vyumba vya seva wana toleo lao la kasoro hii. Baadhi huongeza kikomo hadi baiti 9000 kwenye seva moja ili nakala za akiba zihamishwe haraka, wakasahau swichi iliyo katikati. Swichi ya kawaida haitumi arifa yoyote. Huitupa pakiti kimya. Matokeo yake ni seva inayojibu ping, inayokubali nywila, kisha inayoganda mtu anapoomba orodha ndefu ya faili, tena ndani ya jengo lilelile.

Tiba, na zinazofanana na tiba

Kupunguza kikomo kwenye tarakilishi moja ni njia ya kuthibitisha, si ya kuponya. Kwenye Windows, amri ya netsh interface ipv4 show subinterfaces huonyesha kikomo kilichopo. Kikishushwa hadi, tuseme, 1400 na tovuti ikafunguka papo hapo, kesi imekwisha. Mabadiliko hayo husaidia kwa sababu wakati wa hodi na karibu kila upande hutangaza kiasi cha data ambacho uko tayari kupokea katika pakiti moja, kiasi kiitwacho MSS. Tarakilishi iliyopunguziwa kikomo hutangaza kiasi kidogo, na seva hutii. Lakini saiba yenye tarakilishi 20 haiwezi kurekebishwa moja moja, na simu za wateja wanaounganisha kwa Wi-Fi hazitaguswa.

Mahali pa kutengeneza ni ruta. Kwanza kikomo cha upande wa nje kiwekwe sawa na njia ilivyopimwa. Pili, ruta iamriwe kusahihisha MSS katika pakiti za hodi zinazopita ndani yake: kwa njia ya 1492 namba ni 1452, yaani baiti 40 pungufu, na kwa itifaki ya IP ya toleo la sita ni 60 pungufu. Ruta nyingi za nyumbani hufanya hivyo zenyewe. Mitambo ya ofisi aghalabu husubiri kuamriwa, na ile inayoendesha VPN ndiyo inayosahaulika zaidi.

Marekebisho ya MSS yanahusu TCP peke yake. Itifaki ya QUIC, iliyochapishwa Mei 2021 katika RFC 9000 na ambayo vivinjari vikuu huitumia kwa tovuti nyingi, haipitii TCP. Yenyewe hudai njia ibebe walau baiti 1200, huanza na kipimo kidogo na kupapasa kabla ya kupanda. Ndiyo maana tovuti ileile yaweza kufunguka kwenye kivinjari kimoja na kukwama kwenye kingine, jambo ambalo limewapotezea mafundi wengi saa zao.

Wapo wanaoshauri kikomo kishushwe hadi 576 ili kujihakikishia usalama. Ushauri huo haufai. Pakiti zinakuwa nyingi, na sehemu inayoliwa na vijajuu inapanda kutoka chini ya asilimia 3 hadi takriban asilimia 7. Isitoshe, IP ya toleo la sita haikubali kiungo cha chini ya baiti 1280; kwenye Linux, kiungo kilichoshushwa chini ya hapo hupoteza toleo hilo kabisa.

Tiba ya mzizi iko mikononi mwa wanaosimamia kuta za ulinzi, hasa kwenye benki, idara za serikali na kampuni zenye tovuti zinazotegemewa na umma. Si lazima waruhusu ICMP nzima. Kwa toleo la nne inatosha kupitisha aina ya 3, msimbo wa 4. Kwa toleo la sita jambo hili si la hiari, kwani ruta za toleo hilo hazikati pakiti kamwe na arifa ndiyo njia ya kawaida ya mtumaji kujua kipimo. Waraka wa RFC 4890 wa Mei 2007 unaitaja miongoni mwa zile zisizopaswa kuzuiwa. Machi mwaka huohuo Matt Mathis na John Heffner walichapisha, katika RFC 4821, mbinu inayoiwezesha seva kujipimia njia bila kungoja arifa ya mtu. Linux ina uwezo huo, ila kwa kawaida huja ukiwa umezimwa, na msimamizi huuwasha kwa kubadili mpangilio wa tcp_mtu_probing.

Kwa mteja asiye na mamlaka juu ya ukuta wa benki wala ruta za kampuni ya intaneti, kilichobaki ni namna ya kulalamika. Anayesema mtandao ni mbovu hujibiwa kwamba laini ni nzima. Anayesema kwamba pakiti ya 1464 inapita na ya 1465 haipiti, akataja tovuti, saa, na kwamba simu ya rununu inaifungua tovuti hiyo, amempa fundi kitu cha kushika, na ni vigumu kwa ofisi ya huduma kumrudisha alikotoka. Maelezo hayo yaandikwe na kuhifadhiwa, na jaribio lirudiwe kila kampuni inapobadilisha ruta au laini, maana kipimo kilichokuwa sahihi jana huenda na kifaa kilichoondolewa.